Eksirei Inayopita Juu ya Gikondo

Mzaha wenyewe ulianzia kwenye suruali ya Gatera.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi, mwezi wa pili mwaka wa tisini na tatu. Gatera alikuwa amesimama katikati ya duka la ushonaji la Nasiri, pale Gikondo chini ya magereji, mikono juu, tumbo mbele, anapimwa suti. Huyo Gatera ndiye alikuwa mkuu wa seli, yaani wa mtaa ule, responsabule kama walivyomwita wenyewe. Ukitaka kusafiri, mhuri uko kwake. Ukilaza mgeni, kabla mgeni hajaamka yeye keshajua. Na tangu vita vya kaskazini viwake upya wiki ile, alikuwa anatembea na kidaftari cha bluu mfukoni, na popote kidaftari kilipotolewa watu waliacha kuongea.

"Kiuno, mia na nne," Nasiri alisoma futi.

"Andika mia," Gatera alisema. "Hiyo futi yako iko inavutika."

Wateja wawili watatu waliokuwa wanangoja nguo zao walitazama chini, kila mmoja akasoma viatu vyake. Aliyecheka ni Twahiru peke yake.

Twahiru alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Nasiri, miaka ishirini na saba, mwenye nusu ya digrii ya fizikia. Nusu hiyo aliipata Bujumbura. Nusu ya pili aliipoteza siku alipobandika kwenye ubao wa chuo tangazo lenye mhuri wa kuchonga kwenye kiazi, kwamba mkuu wa kitivo atagawa viatu bure kwa wenye miguu mikubwa. Watu mia mbili walipanga foleni bila soksi. Twahiru alicheka wiki nzima, na wiki iliyofuata alikuwa ndani ya basi la Kigali na sanduku lake. Tangu hapo alikuwa anakata mifuko ya suruali kwa baba yake mdogo.

"Na huu ukuta mmeuvalisha nini?" Gatera aliuliza, anatafuta pa kuipeleka aibu ya kiuno chake.

Ukutani, kuanzia mlangoni hadi kwenye cherehani ya mwisho, kulikuwa na ukanda mrefu wa karatasi ya kaki, ile ya kukatia patroni. Mstari wa chaki ya bluu ulitambaa chinichini kama sisimizi, ukikatika, ukianza tena. Halafu mahali pamoja ukaruka ghafla hadi karibu na dari, kisha ukateremka polepole, bila haraka yoyote.

"Hiyo ni eksirei," Twahiru alisema.

"Eksirei ya nani? Iko mgonjwa hapa?"

"Ya sisi wote, Responsabule. Wajerumani wamerusha chombo juu kule. Kinazunguka dunia kila saa moja na nusu. Kikifika hapa kinapiga picha, kinaenda zake."

"Hapa? Juu ya Gikondo?"

"Juu ya Gikondo, juu ya kilima cha Rebero, juu ya kichwa chako hicho. Hata sasa hivi pengine kinakupima kiuno, na chenyewe hakivutiki."

Hapo watu walishindwa kujizuia. Kicheko kilizunguka duka kikarudi. Gatera hakucheka. Alishusha mikono, akausogelea ukuta.

"Na mabati?"

"Mabati kwake ni chandarua."

"Na hapa iliporuka?" Kidole chake kilikuwa kwenye ncha ya ule mlima wa chaki. "Hapa iliona nini?"

Nasiri alikohoa. Kikohozi kile, katika nyumba ile, kilikuwa na maana moja tu: funga mdomo. Twahiru alikisikia, wallahi alikisikia, lakini ulimi ulikuwa umeshatoka nje na viatu umeshavaa.

"Hapo," alisema, "kulikuwa na mtu amefichwa."

Hakuna aliyecheka tena. Gatera alitoa kidaftari cha bluu, akaandika kitu kifupi, akaenda zake na suti haijamalizwa kupimwa.

*

Ukweli wa karatasi ile ulikuwa mwingine kabisa. Twahiru angeweza kuusema tangu mwanzo, ila ukweli hauchekeshi.

Alikuwapo mama mmoja Mjerumani, Madame Connie, aliyemfundisha Bujumbura na ambaye hakukubali kwamba mwanafunzi wake bora amepotelea kwenye mifuko ya suruali. Madame Connie alikuwa amerudi kwao, anafanya kazi na watu wa darubini ya angani, ile inayonasa eksirei za nyota. Kila baada ya miezi miwili alimtumia kwa posta bahasha nene ya karatasi za kompyuta, zenye matundu pembeni, zimejaa namba. Kila namba ilikuwa hesabu ya punje za eksirei zilizoingia kwenye darubini kwa dakika moja kutoka kwenye nyota moja. Kazi ya Twahiru ilikuwa kuzichora kwa mkono na kuangalia kwa jicho: hapa nyota imelipuka kweli, hapa ni uchafu wa njiani. Alipima kwa futi ya ushonaji, sentimita moja dakika moja, akachora kwa chaki, halafu akanakili kwa kalamu na kupeleka posta.

Nyota ya ukutani haikuwa hata na jina, ilikuwa na namba tu. Nyota changa, inayojizungusha mara mbili kwa siku kama mtoto aliyekula sukari. Kwa kujizungusha hivyo, nguvu za sumaku ndani yake zinajisokota, zinajisokota, mpaka siku moja zinakatika kama uzi uliokazwa kupita kiasi. Hapo joto linapanda mamilioni, na eksirei zinamwagika. Mwanga wa mlipuko ule ulisafiri kama miaka hamsini kufika. Twahiru alipenda kupiga hesabu: ulipolipuka, huku Rwanda watu walikuwa wanakufa kwa njaa ya Ruzagayura, na babu yake alikuwa anauza chumvi akitembea kwa miguu.

Darubini yenyewe ilitazama nje, dunia imeipa kisogo. Wala haikupiga eksirei, ilipokea tu. Na hakuna punje hata moja ya nyota ile iliyoweza kupenya hewa ikafika kwenye bati la Gikondo. Mlipuko mkubwa kiasi kile, na hapa chini haukuwasha hata kiberiti.

Hayo ndiyo aliyojaribu kueleza Alhamisi, saa nane mchana, Gatera aliporudi na vijana wawili wenye marungu, akamtoa Nasiri nje ya duka lake mwenyewe, akafunga mlango.

"Ilikuwa mzaha, Responsabule."

"Mzaha." Gatera alikaa kwenye kiti cha kushonea, kikalia. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. "Basi sikia. Kama ni mzaha, hizi karatasi zenye namba, zinazotoka nje ya nchi kila mara, ni nini? Mimi nitasema ni nini? Jana nimeitwa jeshini. Wamenipa mpaka kesho. Wanamtaka yule mwalimu, Rugamba. Mdogo wake amekwenda kwa wale wa msituni, na yeye wanasema yuko hapa hapa, kwenye mstari wetu huu, nyumba kumi na nne. Nisipomtoa, watasema mimi ndiye nimemficha. Mimi! Kwa hiyo chagua, Profesa. Hiyo ni mashine inayoona, au ni barua za adui?"

Kijana mmoja aligonga rungu kwenye meza ya kukatia, polepole, kama anayepima ubao.

Twahiru aliijua nyumba alimofichwa mwalimu. Namba tisa, kwa Mukabalisa, dada yake Rugamba. Mwalimu alikuwa amelala juu ya dari ya stoo siku ya kumi na moja sasa. Twahiru alijua kwa sababu Yasmina, binti wa Nasiri, ndiye aliyekuwa anapeleka chakula, kimefichwa chini ya furushi la mashati ambayo Mukabalisa aliyashonea vifungo kila jioni akitoka kazini. Hakutakiwa kujua. Lakini katika nyumba ya vyumba vitatu siri inalala mkeka mmoja na wewe.

"Ni mashine," alisema.

"Inaona?"

"Inaona."

"Basi nisomee."

"Hii ya ukutani ni ya zamani, Responsabule. Mpya imekuja juzi, bado sijaichora. Nipe mpaka kesho."

Gatera alinyoosha mkono, kiganja juu. "Kitambulisho."

Twahiru alikitoa. Bila kile huvuki bariyeri hata moja ya askari, hufiki hata Nyamirambo, na Gatera alijua, kwa hiyo alikitia katikati ya kidaftari cha bluu na kukifunga taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Kesho kabla watu hawajaenda Ijumaa. Namba moja. Sitaki maelezo ya Wazungu, nataka namba ya nyumba."

*

Twahiru alikata ukanda wa karatasi mita mbili, akaugawa sehemu kumi na nne kwa rula. Nasiri alikuwa anamtazama kutoka mlangoni, anasugua sugua futi yake mikononi.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nafanya kazi, baba mdogo."

"Wale vijana walitaka nini?"

"Suruali."

Nasiri hakuuliza zaidi. Siku zile mtu alijifunza kutouliza, maana swali ukiliuliza na jibu unalibeba.

Twahiru naye hakumwambia yeyote. Kwanza kwa aibu. Pili alijiambia kwamba mdomo mmoja ni bora kuliko minne. Na hila alikuwa nayo: namba kumi na mbili. Ile ilikuwa nyumba ya fundi magari aliyehamia Bujumbura tangu mwaka jana. Madirisha yamepigiwa mbao, kufuli mlangoni imeota kutu. Wakivunja watakuta vumbi na tairi. Mashine itakuwa imekosea kidogo, mwalimu atakuwa amekimbia kidogo kabla, hakuna mtu atakayeumia. Akaanza kuchora.

Kitu cha ajabu, mkono ulikataa kudanganya hovyo. Alianza na mlima wa mviringo kama kichuguu, akaufuta. Nyota hailipuki hivyo. Akachora upya, mstari ukiruka wima juu ya namba kumi na mbili, kisha ukishuka kidogo kidogo kupitia kumi na tatu hadi kumi na nne, kama joto linavyopoa. Ulikuwa mlipuko safi. Madame Connie mwenyewe angeukubali. Twahiru aliutazama, akaona chaki imemvunjikia mkononi.

Ijumaa saa tano asubuhi Gatera alikuja, akatazama, hakuomba maelezo.

"Kumi na mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa fundi. Tupu, tupu, tupu, kumbe." Akaikunja karatasi kwa heshima kama mtu anayekunja bendera. "Saa tisa nakuja na askari. Wewe ukae hapa hapa, wasije wakakuuliza nikakukosa."

"Na kitambulisho changu?"

"Saa tisa."

Nasiri alivaa kofia yake akaenda msikitini. Twahiru alibaki. Alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu jana alivuta pumzi ikafika tumboni. Hata alianza kuichekea hila yake, peke yake, kimya kimya.

Saa saba na nusu Yasmina aliingia na sufuria ya maharage. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mkavu wa maneno, ambaye mizaha ya binamu yake ilikuwa haijawahi kumchekesha tangu utotoni.

"Kula," alisema. "Mbona umekuwa kama umemwagiwa unga?"

Akamwambia. Alisimulia kwa mbwembwe, alivyomwingiza Gatera mjini, alivyomchorea mlima, alivyompeleka namba kumi na mbili akapekue tairi. Alipofika kwenye tairi akamwona Yasmina ameweka sufuria chini bila kutazama anaiweka wapi. Maharage yalimwagika kwenye kitambaa cha suti ya Gatera.

"Umesema ngapi?"

"Kumi na mbili. Yasmina, iko tupu."

"Haiko tupu. Tumemhamishia humo leo alfajiri. Mimi na Mukabalisa."

"Mmemhamisha kwa nini?"

"Kwa nini? Kwa ajili yako! Kwa ajili ya hiyo mashine yako! Mtaa mzima tangu Jumanne unasema iko chombo kinaona chini ya mabati. Mukabalisa anafanya usafi kwenye chumba cha eksirei hospitalini, kaka, anajua. Anasema mpiga picha anajificha nyuma ya ukuta mnene wa zege, ndipo haimpati. Kwake iko bati na dari ya mbao tu. Kwa fundi iko lile shimo la kutengenezea magari, chini ardhini, kuta za zege, na juu tumefunika mbao na magunia ya mchanga. Tukapitia ukuta wa nyuma. Tulisema hapo hata Wajerumani hawamwoni."

Walikuwa wamefikiri vizuri. Hilo ndilo lililomkata maini. Wanawake wawili, bila digrii wala nusu yake, walikuwa wamekaa wakafikiri vizuri kuliko yeye, na kila hatua ya mawazo yao ilikuwa sahihi isipokuwa ya kwanza, na ya kwanza walikuwa wameipata kwake.

"Mtoeni."

"Mchana huu? Apite wapi? Vijana wa Gatera wamekaa kwenye kona zote mbili."

Nje, gari lilisikika likipanda kilima kwa gia ya kwanza. Haikuwa saa tisa. Haikuwa hata saa nane.

*

Twahiru alikimbia. Alikuwa na karatasi moja ya kompyuta mkononi, hajui hata aliichukuaje.

Gatera alikuwa amesimama mbele ya namba kumi na mbili, ameshika ule ukanda wa kaki kifuani. Gari la jeshi lilikuwa linageuka chini pale kwenye mtaro, bado hatua mia.

"Responsabule, nimekosea!" Pumzi zilikuwa hazitoshi. "Nimekosea hesabu. Iko sehemu huko juu ya bahari, chombo kikipita kinapigwa na vichembe vya umeme, namba zinapanda zenyewe. Njia ya kujua ni kutazama na nyota za jirani. Zikipanda zote pamoja, basi si nyota, ni chombo. Nimetazama. Zote zimepanda. Nyumba zote. Moja mpaka kumi na nne."

Gatera aliishi namba moja. Ilimchukua muda kufika hapo, na alipofika, uso wake ulibadilika.

"Na yangu?"

"Na yako. Sawasawa na zote. Kwa hiyo ni bure, haina maana, rudi nayo..."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Lilikuwa kofi la mtu aliyeogopa, si la mtu aliyekasirika, na kwa sababu hiyo lilikuwa zito zaidi.

"Nimeshawaambia kumi na mbili," Gatera alinong'ona. "Nimeshawaambia iko mashine. Unataka nife? Kaa kimya. Kaa kimya kabisa."

Gari lilisimama. Wakashuka askari watano na sajenti mmoja mwembamba mwenye miwani, aliyefanana zaidi na karani wa posta. Alitazama mlango. Alitazama kufuli. Utando wa buibui ulikuwa umefungwa kutoka kwenye kufuli hadi kwenye fremu, mzima, na nzi mkavu katikati.

"Ndiyo hapa?" Sajenti aliuliza. "Kwa huo mlango?"

"Ndiyo, Shefu. Mashine ya Wazungu imeonyesha. Karatasi hii hapa."

Sajenti alichukua karatasi akaikunjua. Upepo uliipepea, askari mmoja akamshikia upande wa pili. Wakasimama hivyo, watu wazima wawili na ukanda wa chaki katikati yao, na Twahiru akaona kwamba mlima wake bado ulikuwa mzuri, na akatamani ardhi immeze.

"Nani amechora?"

"Huyu, Shefu."

Miwani ikamgeukia. "Nini hii?"

Kichwani kwake uongo ulikuwa umejipanga foleni, mmoja nyuma ya mwingine, wote wazuri. Kila mmoja aliuinua na kuona unaishia kwenye mlango ule ule. Akisema mwalimu ametoroka, wataingia kutazama alipolala. Akisema nyumba nyingine, kuna watu ndani yake. Nyuma ya mlango ule, hatua kumi na tano, mtu alikuwa amelala kwenye shimo chini ya magunia, bila shaka anasikia kila neno. Hakubaki na kitu ila ule ukweli, ambao hakuwahi kuona unamfaa mtu yeyote.

"Ni nyota," alisema.

"Nyota."

"Ndiyo, Shefu. Iko mbali sana, mwanga wake unasafiri miaka hamsini. Ililipuka wakati wa Ruzagayura. Inajizungusha mara mbili kwa siku, ndiyo maana inalipuka. Mimi nahesabu punje zake."

"Unahesabu punje za nyota."

"Kila dakika. Natumia futi ya kushonea. Sentimita moja, dakika moja. Juzi ilipanda kutoka punje nne mpaka mia mbili na kumi." Sauti yake haikusimama, ilikuwa kama gari lisilo na breki. "Hatuioni hapa kwa sababu hewa inazuia. Chombo kiko juu ya hewa, kinatupa kisogo. Iko mama Ujerumani ananiandikia barua, anasema niangalie vizuri nisichanganye nyota na uchafu. Hainihusu nyumba, Shefu. Haijui kama kuna nyumba. Haijui kama kuna sisi."

Halafu askari mmoja kijana akatoa kicheko kupitia puani, na mwingine akamfuata. Sajenti alivua miwani, akaifuta kwa kona ya shati, akamgeukia Gatera polepole sana.

"Wewe," alisema. "Umetoa gari la jeshi, na mafuta, kwa sababu ya huyu?"

Twahiru alimwona Gatera anatazama karatasi, anatazama mlango, anamtazama sajenti, na akaona hesabu ikifanyika kwenye uso ule mnene: mtu aliyeamini kitu kama hicho ni mtu gani?

"Ni mwendawazimu, Shefu!" Gatera alipiga kelele. "Tunamjua wote, huyu ni mwendawazimu! Chuo kilimfukuza kwa sababu hiyo! Mimi nilitaka tu mje mumwone, mumpeleke!"

Nasiri alikuwa amefika, kofia ya msikitini imekaa upande, hajui chanzo wala mwisho, lakini neno moja alilidaka na akalishika kwa mikono miwili. "Mgonjwa huyo, baba," alisema. "Mwanangu ni mgonjwa. Tangu Bujumbura. Tusamehe, baba."

Sajenti alisogea mlangoni. Akaweka kiganja juu ya kufuli. Twahiru alihisi kitu cha moto kikishuka ndani ya suruali yake, na hakuona hata aibu. Sajenti alivuta kufuli mara moja. Utando wa buibui ukakatika. Kutu ikabaki kwenye vidole vyake, akavitazama kwa kinyaa, akavifuta kwenye karatasi ya nyota.

"Mpakieni," alisema. "Ndera iko njiani."

Askari wa mwisho, kabla ya kupanda, aliupiga mlango teke kwa buti, bila sababu, kama mtu anavyopiga kopo. Vumbi lilianguka kutoka juu ya fremu. Ndani hakukutoka sauti.

*

Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ndera ilikuwa na bustani ya kabichi, na wauguzi waliongea taratibu. Daktari alimuuliza jina, akamuuliza kazi. Twahiru alipima. Kuna wagonjwa wanaorudi nyumbani siku ya pili, wakionekana wazima, na mtu mzima akirudi Gikondo ataulizwa upya kwa nini alichora namba kumi na mbili. Kwa hiyo alijibu kweli tupu, neno kwa neno, kuhusu punje, futi ya kushonea na mama wa Ujerumani. Daktari aliandika kurasa mbili.

Usiku hakulala. Kila gari lililopita barabarani alilihesabia gia.

Jumatano Yasmina alikuja. Walikaa kwenye benchi, akafungua kitambaa chenye chapati na kumtazama akila kama anayemhesabia matonge.

"Mgeni amesafiri," alisema hatimaye, macho kwenye kabichi. "Jumapili, lori la mkaa. Mukabalisa amepata salamu. Amekula chakula cha mchana kwa Warundi."

Twahiru alishika chapati bila kuitafuna. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, akatafuta, hakukipata.

"Kwa hiyo naweza kurudi nyumbani," alisema.

Yasmina alikunja kitambaa mara mbili, halafu tena.

"Gatera alikuja dukani jana kuulizia suti yake. Akamngoja baba aingie ndani. Akaniuliza utatoka lini."

"Si amesema mimi mwendawazimu?"

"Amesema mbele ya askari. Kwangu alisema lingine." Alishusha sauti. "Jumamosi aliingia kwa fundi peke yake, kwa nyuma. Alitafuta, kaka. Mgeni alikuwa bado shimoni, alisikia miguu yake juu ya mbao. Gatera hakuinua magunia, sijui kwa nini. Lakini nje ya dirisha la nyuma aliokota kijiko cha mama, kilichodondoka nikimpelekea mgeni chakula. Ananionyesha. Anasema, mashine haikukosea. Anasema, mwambie Profesa, nina majina mengine sita ya kutafuta, na kitambulisho chake ninacho."

Muuguzi alipita na mgonjwa mmoja mzee, wakielekea bustanini. Twahiru alingoja wapite. Mikono yake ilikuwa imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine.

"Madame Connie ameandika," Yasmina alisema. "Bahasha nene. Niilete?"

"Ichome. Zote, hata ile ya ukutani." Akafikiri. "Hapana, niletee bahasha moja, na chaki."

"Huku? Za nini?"

Daktari alikuwa anatokea mlangoni, faili mkononi, anaelekea kwenye benchi lao kwa mwendo wa mtu mwenye habari njema.

"Msalimie vizuri," Twahiru alinong'ona. "Akikuuliza, mwambie bado sijapona. Mwambie leo tumeongea habari za nyota tu."